Swali la Pili

Ukitaka kumjua daktari wa mji mdogo, kaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, usikilize anavyouliza. Swali la kwanza wanalijua wote: "Unasumbuliwa na nini?" Jibu lake nalo linajulikana: kichwa, homa, mwili mzima. Mama aliyetembea tangu alfajiri, daftari la matibabu limefungwa kwenye pindo la kitenge, hatoi ya moyoni mbele ya foleni. Ustadi wa daktari uko kwenye swali la pili.

Nilijifunza hayo utotoni, nilipomsindikiza bibi yangu mwenye goti bovu. Daktari msaidizi aliyetupokea aliinuka kitini. "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia, akaanza kueleza goti. Yule daktari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akahamia Kiha, lugha ya kwetu, akauliza: "Nyumbani umemwacha nani?"

Bibi akanyamaza. Ndipo likatoka: mjukuu ana degedege, siku ya pili sasa, yuko kwa mganga.

Wengine wangefoka. Nimewahi kuwasikia wakifoka, na nimewaona akina mama wakiondoka wasirudi tena. Huyu aliuliza kama mtoto anaweza kunywa, kama macho yanamfuata mama yake, na ni mwendo wa saa ngapi hadi huko. "Na mganga hatugombani leo," alisema. "Mtoto afike kabla jua halijazama." Mtoto alipofikishwa, daktari alimfunua kope ya chini: nyeupe, haina hata dalili ya damu. Malaria ilikuwa imeimaliza. Baba mdogo alitoa damu yake usiku uleule.

Watu wetu humwita daktari kila aliyevaa koti jeupe, na mimi siwasahihishi. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kwa miaka mingi waliopasua, waliozalisha na waliokesha wilayani walikuwa madaktari wasaidizi na matabibu, na heshima ya jina hilo waliichuma kwa mikono yao.

Huko chini ziwani, katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, Dk. Godfrey Mbaruku, bingwa wa uzazi, alilipeleka swali la pili hata kwa waliokufa. Mama huyu amekufa kwa kutoka damu, sawa. Lakini kwa nini ilitoka mpaka ikamwishia akiwa wodini? Kutokana na majibu zikapangwa hatua 22, nyingi zikitegemea watu na vitu vilivyokuwepo palepale. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini humo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Kila nikizisoma namba hizo naona akina mama wanaorudi nyumbani, mtoto mgongoni.

Kisha ikaja Oktoba 1993. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Bujumbura, na Warundi wakamiminika Kibondo na Kasulu wakiwa na mikeka na watoto. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Wahisani walileta mahema na dawa, na tunawashukuru. Ila daktari aliyekulia Uha, nchi ya Waha, alikuwa na kitu kisichopakiwa kwenye lori: Kiha na Kirundi husikilizana. Mama wa Ruyigi, Burundi, aliweza kuulizwa alimwacha nani njiani, pasipo mkalimani kusimama katikati.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa mjukuu tulikutana na yule daktari sokoni, akichagua maharage. Mtoto alikuwa mbele yetu, anakimbiza kuku wa watu. Daktari alimtazama kitambo, akatabasamu, kisha akamgeukia bibi.

"Shikamoo, bibi. Na lile goti?"