Mfuatano wa Kusoma Riwaya Zilizofungamana: Mfano wa Les Rougon-Macquart

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali ambalo aghalabu huachiwa wauza vitabu na wakutubi, nalo ni hili: je, riwaya zilizofungamana katika mfululizo mrefu zisomwe kwa taratibu gani? Kwa juujuu swali hili laonekana dogo, la mtu anayetafuta burudani tu. Lakini akilitazama kwa makini, mhakiki ataona kwamba limebeba jingine lililo zito zaidi: hukumu tunayoitoa juu ya mwandishi imesimama juu ya vitabu vipi, na kila kimoja tulikisoma kikiwa kimetanguliwa na nini? Mfano wetu ni Les Rougon-Macquart, riwaya 20 alizozitoa Émile Zola huko Ufaransa baina ya mwaka 1871 na 1893.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Zola alikusudia kuandika historia ya ukoo mmoja chini ya utawala wa Napoléon III, utawala uliozaliwa na mapinduzi ya Desemba 1851 na kuanguka tarehe 4 Septemba 1870. Asili ya ukoo ni mwanamke mmoja wa mji wa Plassans, Adélaïde Fouque, mwenye maradhi ya akili. Aliolewa na mtunza bustani aitwaye Rougon. Alipofiwa, akaishi na Macquart, mlevi na mfanya magendo. Katika matumbo hayo mawili ndimo walimotoka mawaziri, walanguzi, mapadri, madobi, wachimba makaa na makahaba wanaoijaza kazi nzima. Kila riwaya ina mkasa wake na mwisho wake, ila damu ni moja.

Taratibu za kuzisoma zaweza kuwa tatu. Ya kwanza ni ya kuchapishwa: msomaji aanze na La Fortune des Rougon, atie nanga kwenye Le Docteur Pascal. Ya pili ni ya matukio, yaani kuzipanga riwaya kwa miaka ya visa vinavyosimuliwa. Ya tatu ni ya nasaba: kulifuata tawi moja la ukoo hadi lishe, kisha kurudi shinani na kulifuata jingine. Kuna na rai ya nne inayokanusha haja ya taratibu yoyote, kwa hoja kwamba kazi ya sanaa iliyokamilika hujitegemea yenyewe.

Taratibu ya matukio huvutia kwa kuwa hufanana na mwendo wa maisha: mtu huzaliwa, hukua, hufa. Lakini hapa inashindwa na maandishi yenyewe. Katika L'Assommoir (1877) Nana, binti wa dobi Gervaise, huzaliwa mwaka 1851. Katika Nana (1880) visa vinaanza mwaka 1867, naye huelezwa kuwa mwenye umri wa miaka 18. Hesabu haikubali. Wala si kosa la kalamu tu. Utawala ule ulidumu miaka isiyotimia 20, na mwandishi alilazimika kuvisongamanisha humo vizazi vilivyohitaji nafasi kubwa zaidi. Atakayezipanga riwaya kwa kalenda atajikuta anajenga nyumba juu ya msingi ambao Zola mwenyewe hakuupima sawasawa.

Mfano wa Jacques Lantier ni bora zaidi. Jacques, dereva wa garimoshi mwenye uchu wa kuua, ndiye mhusika mkuu wa La Bête humaine (1890), na humo anaelezwa kuwa mwana wa Gervaise. Lakini msomaji wa L'Assommoir humwona Gervaise akiwasili Paris na watoto wawili tu, Claude na Étienne. Katika shajara ya ukoo aliyoichapisha Zola mwaka 1878 Jacques hayumo. Katika ile ya mwaka 1893 yumo. Kumbe kijana huyu alizaliwa katika fikira za mwandishi baadaye, alipohitaji muuaji wa kumweka kwenye reli, na Étienne alikwisha kupewa kazi nyingine machimboni. Anayefuata matukio au nasaba atasoma kana kwamba Jacques alikuwapo tangu hapo. Anayefuata miaka ya kuchapishwa ndiye atakayeona ukoo ukiongezwa mtu, na atauliza kwa nini.

Taratibu ya nasaba ina fadhila yake, hasa kwetu sisi tulio na mazoea ya kuuliza mlango na ukoo wa mtu kabla ya habari zake. Zipo riwaya zinazokaa jozi, na si busara kuzitenga: La Conquête de Plassans na La Faute de l'abbé Mouret, Pot-Bouille na Au Bonheur des Dames, La Terre na La Débâcle. Hata hivyo, jozi nyingine hupotosha zikibanwa pamoja. La Curée na L'Argent zote zinamhusu Aristide Saccard, mlanguzi wa Paris, lakini miaka 19 inazitenga. Ya kwanza ilitoka mwaka 1872, mwandishi akiwa kijana mwenye hasira juu ya utawala ulioanguka juzi. Ya pili ilitoka mwaka 1891, baada ya Germinal, na ndani yake mna mfuasi wa Marx anayeupinga mfumo mzima wa fedha. Tukizisoma mfululizo kana kwamba ni juzuu mbili za kitabu kimoja, badiliko hilo la mwandishi tutalidhania badiliko la Saccard.

Tuje sasa kwenye rai ya kujitegemea. Hapana shaka kwamba mtu anaweza kuisoma Germinal (1885) peke yake na kuathirika nayo. Maelfu wamefanya hivyo. Wahusika wake hawahitaji utambulisho, na mgomo wa wachimba makaa unaeleweka popote penye mwajiri na mwajiriwa. Lakini kuathirika si sawa na kuhakiki. Étienne wa Germinal huogopa pombe kwa sababu anajua kilichomo damuni mwake, na mwishoni, shimoni, anamuua Chaval. Msomaji wa kitabu hiki pekee huiona hofu ile kama kiraka: ya nini habari ya urithi katika riwaya ya mgomo? Msomaji aliyetangulia kupita L'Assommoir amemwona mama yake akizama katika ulevi, na mtoto huyo akipelekwa Lille kujifunza ufundi. Kwake hofu ile ni kumbukumbu.

Hapa ndipo penye hoja kubwa. Wahakiki wengi humshutumu Zola kwa kushikilia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kwamba damu huamua yote. Shutuma hiyo ina msingi katika mpango wake wa awali, uliotegemea vitabu vya Prosper Lucas kuhusu urithi, na uliotazamia riwaya 10 tu. Lakini mpango si kazi. Anayezisoma riwaya kama zilivyotoka huona jinsi madai ya damu yanavyoshindana na madai ya mshahara, nyumba, soko na vita. Katika L'Assommoir ulevi wa Gervaise una mlango wake katika mtaa wa maskini na katika ajali ya mume aliyeanguka kutoka paani. Katika Germinal urithi humgusa mtu mmoja, ilhali njaa huwagusa wote. Kisha katika La Bête humaine damu inarudi kwa nguvu. Mstari haukunyooka, na kutonyooka huko hakuwezi kuonekana na aliyesoma kitabu kimoja, wala na aliyezichanganya tarehe.

Historia nayo iliingilia kati. La Fortune des Rougon ilianza kutolewa gazetini mwaka 1870, Napoléon III akiwa bado kwenye kiti, vita vikaikatiza, na dibaji ya Julai 1871 ikaandikwa juu ya utawala uliokwisha kufa. Riwaya ya kwanza ilianza kama shambulio dhidi ya adui aliye hai, zilizofuata zikawa hesabu ya marehemu. Na ya mwisho ina sababu ya kuwa ya mwisho. Daktari Pascal amekusanya majalada ya jamaa zake wote, na kwa kuyasoma hutupitisha tena katika ukoo mzima. Kisha mama yake, Félicité, anayateketeza ili aibu ya familia isijulikane. Anayeanza na kitabu hiki atapata muhtasari, lakini moto ule hautamwuma, kwani hajui kinachoungua.

Hatudai kwamba sheria hii ni ya kila mfululizo. Balzac alianza kuwarudisha wahusika wake kwa utaratibu katika Le Père Goriot (1835), baada ya kuandika vingi, akazirekebisha kazi za nyuma ziafikiane na mpya. Rastignac tunayemkuta huko ni mwanafunzi, ilhali wasomaji wa La Peau de chagrin (1831) walikwisha kumwona akiwa mtu wa anasa aliyeujua mji. Balzac mwenyewe aliipanga kazi yake kwa mafungu ya maisha, wala si kwa miaka. Karibu nasi, riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kila moja hulifumbua fumbo lake ndani yake, na msomaji aweza kuingilia popote. Hata hivyo jina la Kosa la Bwana Msa (1984) lina ladha zaidi kwa aliyekwisha kumzoea Bwana Msa asiyekosea.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Msomaji wa kawaida aingie kwa mlango aupendao, mradi Le Docteur Pascal asiianze. Mwalimu ambaye silabasi imempa Germinal tu awape wanafunzi L'Assommoir kwanza, au walau awasimulie habari za Gervaise. Na mhakiki anayetaka kutoa hukumu juu ya Zola na nadharia yake ya urithi hana ruhusa ya njia ya mkato: azisome zote 20 kama zilivyochapishwa, na aseme wazi ikiwa hakufanya hivyo. Tasnifu zinazotaja kazi nzima kwa ushahidi wa kitabu kimoja si haba katika idara zetu, na tungependa wasomi wenzetu walijadili jambo hili.