Undani wa Ngozi na Ukimya wa Anayechorwa: Uhalisia Mkithiri na Picha ya Asiye na Makao, Ukitazamwa kutoka Bariadi

Uhalisia mkithiri ni mkondo wa uchoraji ulioibuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo msanii huihamishia picha ya kamera kwenye turubai kwa ukamilifu unaokaribia kuipita picha yenyewe. Chuck Close aliigawa picha ya uso wake katika miraba, kisha akaihamisha mraba baada ya mraba hadi kwenye turubai lenye kimo cha zaidi ya mita 2.7, kazi aliyoikamilisha mwaka 1968. Sigara, miwani na vinyweleo vya kidevu vimepewa uangalifu ule ule. Uangalifu huo husifiwa kuwa ni uaminifu kwa kilichopo. Hoja ya sehemu hii ni kwamba uaminifu huo una mpaka, na mpaka wenyewe hudhihirika pale anayechorwa anapokuwa mtu asiye na pa kulala.

Close alijichora mwenyewe. Uso ulikuwa wake, na uamuzi wa kuuanika ulikuwa wake. Anayelala kando ya barabara hana nafasi hiyo. Kamera humchukua kwa kufumba na kufumbua, pengine akiwa usingizini, kisha mchoraji hutumia miezi kuishughulikia mikunjo ya paji lake la uso. Mtazamaji anaposema kwamba picha ni kama ya kamera, sifa humwendea mchoraji. Kwa istilahi zilizozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili, fani imeyameza maudhui: tambara la mlalahoi limekuwa pambo.

Hata hivyo, si haki kuuhukumu mkondo mzima kwa kigezo hicho. Duane Hanson, ambaye ni mchongaji na si mchoraji, aliunda mwishoni mwa miaka ya 1960 sanamu za wanaume watatu waliolala katikati ya takataka, akirejelea Bowery, mtaa wa New York uliojulikana kwa walevi na wasio na makao. Miili ni ya plastiki ngumu, lakini nguo ni nguo halisi. Nguvu ya kazi hiyo haitokani na ufanano pekee. Sanamu zimelazwa sakafuni, si ukutani, na mgeni wa jumba la sanaa hulazimika kuzizunguka kwa viatu vyake vilivyong'arishwa. Tofauti ya kitabaka haimo ndani ya kazi. Imo kati ya kazi na anayeitazama. Mchoro uliotiwa fremu na kutundikwa juu ya kochi hauwezi kumlazimisha mtu kupinda njia.

Martha Rosler alikataa ufanano kabisa. Katika kazi yake ya mwaka 1974 hadi 1975 alipiga picha za milango na mbele ya maduka ya Bowery hiyo hiyo bila mtu hata mmoja, akaziambatanisha na maneno yanayotaja ulevi. Kimaadili, msimamo wake ni imara kuliko wa wachoraji wa nyuso. Lakini una hatari yake: barabara isiyo na watu wake ndiyo hasa inayotamaniwa na wanaoendesha operesheni za kuwaondoa ombaomba mijini.

Mjadala huu unabadilika sura ukifikishwa Bariadi. Mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, na uchumi wa mkoa unategemea kwa kiasi kikubwa pamba na mifugo. Mchoraji anayejifunza kwa kuiga picha za ughaibuni ataleta mzee mwenye koti zito chini ya jengo la vioo, na hapo atakuwa amenakili umaskini wa watu wengine. Tofauti ya hali Bariadi husomwa kwingine: kwenye bati jipya linalopakana na paa la nyasi, kwenye mizani ya kununulia pamba, kwenye lori la marobota linalompita msukuma mkokoteni aliyejilaza juu ya mkokoteni wake.

Lipo pia tatizo lililo zito kuliko mandhari. Kwa Wasukuma, kaya si kuta na paa tu. Ni watu, ng'ombe na mashamba, vyote vikifungamanishwa na ukoo. Mchunga ng'ombe wa kuajiriwa anaweza kuwa na pa kulala kila usiku na bado akawa hana makao, kwa sababu kaya anamolala si yake. Kukatika huko hakuachi alama kwenye ngozi. Mtindo ulioweka imani yake yote katika kinachoonekana hauna pa kukishikia.

Ikumbukwe kwamba Usukumani hakukukosa uchoraji. Michoro ya kutani ya chama cha wachezaji nyoka, ambayo Hans Cory aliichapishia kitabu mwaka 1953, haina kivuli wala kina, na haikukusudia kufanana na mtu fulani. Ilikuwa sehemu ya mafunzo ya chama, na maana yake ilikamilishwa na maneno ya wanaojua. Huko Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora zaidi ya picha 100 za historia ya nchi yake katika miaka ya 1973 na 1974, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili kile kinachotendeka katika kila moja. Mkono wake haukuwa na umakinifu wa Close, lakini picha zake si bubu.

Basi msukuma mkokoteni wa Bariadi akichorwa kwa namna ambayo kila uzi wa gunia alilolalia unahesabika, mtazamaji ataondoka akilijua gunia. Alitoka kaya ipi, na ni msimu upi wa pamba uliomtoa huko, ni mambo ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyasema kama angeamshwa na kuulizwa kabla ya kupigwa picha.