Jani Moja la Muhogo Halitoshi

Anayejua kusoma majani ya muhogo haanzi na jani. Akifika kwenye shamba la miezi minne au mitano, bibi shamba hodari husimama kwanza pembeni, akatazama eneo zima na kuangalia manjano yamekaaje. Yakiwa yameenea kwa usawa, au yamefuata kipande cha mchanga mtupu, huanza kuushuku udongo. Yakiwa yameshika mistari ya mpakani tu, atauliza jirani alipulizia dawa gani ya magugu. Lakini shina moja likiwa limedumaa huku la pembeni yake limenawiri, hapo ndipo anasogea na kuinama.

Akiinama, hulipa jua mgongo ili kivuli chake kilifunike jani. Ni jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Mchana jani la muhogo hung'aa, na mng'ao huo humeza tofauti hafifu kati ya kijani kilichoiva na kijani kilichopauka, tofauti ambayo ndiyo aliyokuja kuitafuta.

Batobato, ugonjwa wa virusi, hujitangaza wenyewe. Majani machanga hutoka na mabaka ya manjano au meupe, na vidole vya jani hupinda. Sababu ya kupinda huko inanifurahisha kila ninapoifikiria: sehemu iliyopoteza kijani hukua polepole kuliko ile iliyo nzima, basi jani hujivuta upande mmoja. Ndiyo maana mabaka ya virusi hayalingani kushoto na kulia, ilhali upungufu wa zinki hupausha katikati ya mishipa kwa ulinganifu zaidi na kuviacha vidole vyembamba. Na kama unachokiona ni vitone vidogo mno, mithili ya jani lililodungwadungwa sindano, ligeuze. Utitiri wa kijani, ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini, hukaa upande wa chini. Hushamiri wakati wa kiangazi. Mvua zikirudi, muhogo hutoa majani mapya yenye afya. Batobato haiondoki kwa mvua.

Ninachokistahi kuliko vyote huja baada ya ugonjwa kutambuliwa. Wengi wangetaja jina la ugonjwa wakaondoka. Bibi shamba huteremsha macho hadi kwenye majani ya chini kabisa, yale yaliyochipua kwanza. Yakiwa na batobato, ugonjwa ulikuja ndani ya pingili iliyopandwa. Yakiwa safi, na mabaka yameanzia katikati ya shina kwenda juu, basi pingili ilikuwa nzima na virusi vililetwa baadaye na inzi weupe. Majani yamejipanga kwa umri, kwa hiyo shina lenyewe linaonyesha maambukizi yalianza lini. Na majibu hayo mawili hayana ushauri mmoja. Mkulima wa jibu la kwanza anaambiwa atafute mbegu kwingine. Wa pili anaweza kubadilisha mbegu kila msimu na bado akapata hasara, kwa sababu inzi wapo. Huyo anahitaji aina inayostahimili ugonjwa.

Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mtihani mgumu zaidi. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima ya Usambara, na kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, hadi ulipoanza kuenea Uganda kuanzia 2004 katika maeneo yaliyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Huutafuti kileleni mwa mmea. Unautafuta kwenye majani yaliyokomaa. Haukunji jani wala haulipunguzi ukubwa. Manjano yake huandama vijishipa vidogo kisha hufifia, na mtu mwenye haraka atasema jani limezeeka. Jani linalozeeka hugeuka manjano lote kisha huanguka. Lenye michirizi hubaki shinani na mabaka yake kwa majuma kadhaa. Tena ipo mihogo ambayo majani yake huonyesha kidogo sana, na huku chini mizizi imeingia uozo mkavu wa kahawia. Mpimaji mwaminifu hung'oa shina, akaikata mizizi vipande vipande, ndipo atoe jibu.

Siku hizi ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Husoma jani kwa kamera bila intaneti, na Kiswahili inakijua. Utafiti uliochapishwa 2020 uliikuta na usahihi wa asilimia 65, maafisa ugani wakiwa kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Mimi katika takwimu hizo naona kwanza ugumu wa kazi yenyewe, na heshima yangu kwa wanaoiweza inazidi. Ila kuna jambo jingine humo: Nuru ilipopewa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake shambani ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Mashine nayo ilihitaji kuzunguka mmea, kama afanyavyo bibi shamba.

Basi wewe unayetarajia kuomba mbegu kwa jirani msimu ujao, usingoje mashina yakatwe na kufungwa mizigo. Pingili isiyo na majani haitakuonyesha batobato. Nenda shambani kwake mapema, mihogo ikiwa bado na majani ya juu na ya chini, ukague shina moja moja, kisha umwombe ruhusa ya kung'oa mawili matatu na kukata mizizi yake.