Mikono Isiyojificha

Mwezi Julai mkoani Njombe, baridi hupenya hadi mifupani, na kila mtu huficha mikono mfukoni. Mkalimani wa lugha ya alama hawezi. Nimemwona kanisani akivua glavu, akapuliza viganja mara mbili, akaanza. Mahubiri, matangazo, hata utani wa mzee wa kanisa, vyote vilipita vidoleni mwake. Sisi viziwi tulicheka sekunde moja tu baada ya wengine.

Nimekulia Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya. Nyumbani tulikuwa na ishara zetu: mama akisugua vidole, nilileta chumvi. Zilitosha jikoni, hazikutosha msibani. Babu alipofariki, niliambiwa na viatu vilivyojaa mlangoni.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na miaka mingi baadaye mimi nami nikaipata lugha kamili shuleni, mikononi mwa watoto wenzangu. Walinipa na jina la alama: kidole shavuni, penye kovu langu. Nikawa na maskani mawili, na njia kati yake ilikuwa nyembamba.

Dada mkalimani, wewe uliipanua. Kwenye harusi ya mdogo wangu ulisimama mpaka hotuba ya mwisho, sahani yako ya pilau ikipoa mezani. Baba aliponitaja, mikono yako ilinieleza alichosema, na kwamba sauti yake ilikuwa inatetemeka. Hilo la sauti hukulazimika kuniambia.