Daftari la Merikebu: Linasema Nini, Linanyamazia Nini?

Watu wengi wanafikiri ya kuwa habari za bahari za zamani zinapatikana katika masimulizi ya wasafiri tu. Sivyo. Kuna kitabu kimoja kikavu, chenye majina na tarakimu tupu, ambacho watu wa elimu ya historia wanakitumia sana. Ndicho daftari la merikebu la London, linaloitwa Lloyd's Register. Leo kila mwenye intaneti anaweza kusoma madaftari mengi ya namna hiyo bila kulipa. Basi ni vema tuyapime: yanafaa kwa kitu gani, na yanakosa nini?

Kwanza tujue asili yake. Zamani wafanya biashara wa London walikutana katika nyumba ya kahawa yenye jina la Edward Lloyd. Kati yao walikuwamo watu wa bima: merikebu ikizama, wao ndio waliolipa hasara. Kwa hiyo walitaka kujua, kabla ya kutia sahihi, kama merikebu ni nzima ao ni mbovu. Mwaka 1760 waliunda chama, na daftari la zamani kuliko yote yaliyobaki ni la miaka ya 1764 mpaka 1766.

Kila merikebu ilipewa mstari wake: jina lake, nahodha, mwenyewe, mahali ilipoundwa na mwaka, ukubwa kwa tani, safari yake, na alama. Mwili wa merikebu ulipewa herufi A, E, I, O ao U, tangu nzuri mpaka mbaya. Vyombo vyake, kama nanga na kamba, vilipewa alama mbali. Hapo kwanza kwa herufi, baadaye kwa tarakimu. Ndipo lilipotoka neno A1, ambalo Waingereza wanalitumia hata sasa kwa kitu bora.

Tunalisifu daftari hili kwa neno moja kubwa. Mtu akilisoma mwaka kwa mwaka, anaona merikebu inavyozeeka. Alama inashuka, mwenyewe anabadilika, nahodha mwingine anaingia. Anaona hata kama mbao za chini zimefunikwa na shaba, ili wadudu wa bahari wasizitoboe. Masimulizi ya mabaharia yanatiwa chumvi mara nyingi. Mstari huu hauna chumvi, kwa maana wenye kuusoma walitia feza yao juu ya maneno yake.

Lakini kasoro zipo. Daftari lilichelewa: merikebu iliyokwisha kuzama yaweza kubaki kitabuni hata mwaka mwingine. Tena merikebu nyingi hazikuandikwa kamwe. Msomaji sherti alinganishe na magazeti ya bandari na vitabu vya ushuru.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Tufungue madaftari ya miaka ya 1780. Tutaona merikebu za Liverpool ambazo safari yake imeandikwa kwa neno moja tu: Africa. Asiyejua atafikiri zilikwenda kununua pembe ao zahabu. Kumbe, nyingi kati yao zilikwenda kununua watu.

Tutwae mfano wa merikebu Brooks, iliyoundwa Liverpool mwaka 1781. Daftari litatuambia habari za mbao zake na za mwenyewe. Lakini mwaka 1788 watu wa Plymouth waliopinga utumwa walichapa picha ya Brooks, na ndani yake wamelazwa watumwa, bega kwa bega. Hesabu iliyoruhusiwa na sheria mpya ya mwaka ule ilikuwa watumwa 454. Mbele ya sheria merikebu hiyo ilipata kupakia zaidi ya 600. Daftari lilipima mbao kwa uangalifu. Waliofungwa juu ya mbao hizo halikuwataja.

Neno hili linatugusa sisi watu wa Kongo. Wenye elimu wamekusanya habari za safari za watumwa zaidi ya 36,000, wakitumia madaftari haya pamoja na maandiko mengine ya Waingereza, Wareno, Wafaransa na Waholanzi. Wanakadiri ya kuwa watu karibu milioni 12 na nusu walipakiwa kuvuka Atlantiki. Zaidi ya milioni 5 kati yao walitoka upande wetu, katika bandari kama Loango, Malembo, Cabinda na Luanda. Bila majina ya merikebu na ya manahodha, safari nyingi zisingeweza kutambulikana.

Je, majina ya watu wenyewe yalipotea yote? Hapana. Waingereza walipokataza biashara hiyo mwaka 1807, manowari zao zilianza kukamata merikebu za watumwa na kuzipeleka Freetown. Huko makarani waliandika daftari la namna nyingine: jina la mtu aliyefunguliwa, umri wake, na urefu wake. Katika maandiko ya Freetown na ya Havana yamepatikana majina zaidi ya 90,000.

Basi hukumu yetu ni hii. Daftari la Lloyd ni shahidi mwaminifu wa mambo aliyoulizwa, naye aliulizwa habari za feza tu. Anayetaka kujua bahari ya zamani aanze kwake, lakini asiishie kwake. Akiisha kusoma jina la merikebu, aulize tena: ndani yake walikuwamo nani?