Dakika Kumi za Daktari Sheppard

Haiwezekani kuihakiki The Murder of Roger Ackroyd bila kumtaja muuaji, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo. Riwaya hii ya Agatha Christie ilitoka mwaka 1926, na uzuri wake hasa huanza kumfunukia msomaji ambaye jina la muuaji analijua tayari. Muuaji ni Daktari James Sheppard, yule yule anayetusimulia. Ninachotaka kukitazama hapa ni jinsi alivyoweza kutusimulia kisa chote, sura baada ya sura, huku usimulizi wenyewe ukibaki wa kweli mahali ambapo msomaji angetarajia uongo.

Kitovu cha ufundi huo ni sura ya nne. Sheppard amealikwa chakula cha usiku Fernly Park, kwa tajiri Ackroyd, na baada ya kula wanajifungia wawili katika chumba cha kusomea. Ackroyd ana hofu. Posta ya jioni inamletea barua ya mjane Ferrars, aliyejiua usiku uliotangulia, na ndani ya barua hiyo mna jina la mtu aliyekuwa akimtoza mjane huyo fedha kwa vitisho. Ackroyd anasoma mwanzo wake, kisha anakataa kuendelea mbele ya mgeni. Hapo msimulizi anatupa saa mbili: barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini, naye alitoka chumbani saa tatu kasoro dakika kumi, barua ikiwa bado haijasomwa. Anaongeza kwamba mkono wake ukiwa kwenye kitasa alisita, akatazama nyuma, akijiuliza kama kuna jambo lililosahauliwa.

Kila neno hapo ni kweli. Saa zote mbili ni sahihi, barua haikusomwa, na kusita mlangoni kulikuwepo. Ila kati ya saa ya kwanza na ya pili mtu amechomwa kisu, na mauaji hayo hayakupewa hata kitenzi kimoja. Udondoshi huu wa kisimulizi hautegemei ukungu wa maneno. Unategemea usahihi, kwa kuwa msomaji aliyepewa dakika huamini kwamba amepewa pia kilichotendeka ndani yake, na Christie ametuzoesha imani hiyo tangu mgeni alipopiga kengele ya mlango karibu na saa moja na nusu. Kisha tukitazame kile kitendo cha kusita. Kwa msomaji wa kwanza ni huruma ya rafiki anayemwacha mwenzake na majonzi. Kwa msomaji wa pili ni ukaguzi wa fundi aliyemaliza kazi na anayehakikisha kwamba hakuacha chombo. Kauli moja imebeba nia mbili zisizopatana kabisa, wala hapana neno ndani yake linalohitaji kubadilishwa ili tuvuke kutoka nia moja hadi nyingine.

Pengo la pili ni la hesabu, nami nalipenda zaidi kwa sababu ni rahisi kulipita. Sheppard anaandika kwamba saa ya kanisa iligonga saa tatu alipokuwa akipita lango la nje. Kutoka nyumba ya Ackroyd hadi langoni ni mwendo wa dakika tano. Yeye ametumia kumi. Vipimo hivyo vimo katika maandishi yake mwenyewe, vimewekwa mbalimbali, na kazi ya mpelelezi Hercule Poirot ni kutoa kimoja katika kingine. Katika dakika tano zilizozidi ndimo daktari alimovaa viatu vya mtu mwingine, akaingia kwa dirisha, akafunga mlango wa chumba kwa ndani.

Nidhamu hiyo inafika hadi kwenye mgawanyo wa sauti. Simu inapolia nyumbani kwake usiku huo, dai kwamba mtumishi Parker ndiye aliyepiga kueleza mauaji halimo katika usimulizi. Limo katika maneno anayompazia dada yake Caroline. Usimulizi unatuambia tu kwamba simu ililia, akasikiliza, akauchukua mkoba wake. Alama za usemi zimekuwa mpaka: ndani yake daktari anawadanganya watu wa kijiji, nje yake mwandishi anajizuia kutudanganya sisi.

Ronald Knox, padri na mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliweka kanuni kumi mwaka 1929. Alitaka mhalifu asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake, na rafiki wa mpelelezi asifiche lolote linalompitia akilini. Naiheshimu dhamira yake, lakini naona amekipima kitu kisichostahili kupimwa. Haki ya msomaji ni kupata ushahidi unaotosha, na ushahidi huo Sheppard ametupa kwa mkono wake. Wasomaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kunaswa. Nafasi aliyoikalia daktari ni ya Watson, yule rafiki wa mpelelezi, nasi tumeizoea kupitia Najum, mwandani wa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Mwandani wa aina hiyo hushangaa kwa niaba yetu, na kwa hiyo hatumhoji. Christie aliliacha umbo hilo zima, akaugeuza uaminifu wake kuwa maficho. (Riwaya ya ujasusi, mathalani Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, huielekeza taharuki mbele, kwenye hatari inayomngoja jasusi Willy Gamba. Naipenda kwa mbio zake, lakini hainirudishi nyuma kuhesabu dakika.)

Mshindani wa kweli wa msimulizi ni Caroline, zaidi hata ya Poirot, ambaye mwanzoni ni jirani tu mwenye kulima mamung'unye. Katika sura ya kwanza, bila kutoka nje ya nyumba, Caroline anatamka kwamba mjane Ferrars alimpa mumewe sumu na kwamba amejiua kwa kulemewa na dhamiri. Yote ni kweli. Ndugu yake anayanakili kwa bezo la mtu wa sayansi, na bezo hilo linatutosha sisi kuyapuuza. Umbea umepewa hadhi ya mbinu ya maarifa, ukawekwa mahali ambapo hatuwezi kuuheshimu.

Palipo dhaifu ni kwenye mashine ya kurekodia sauti, inayomfanya marehemu asikike akizungumza saa tatu na nusu. Ni hila ya vyuma, nayo inahitaji kuelezwa. Zile dakika kumi zinahitaji kusomwa tu.

Katika sura ya 27, iliyo ya mwisho, Sheppard anakiri, kisha anairudia kauli yake ya mlangoni, anaisifu, na kuuliza kama kuna ambaye angeshtuka iwapo angeweka mstari wa nyota baada ya saa ya kwanza. Yamkini wapo wanaomsikia Christie hapo akijitetea. Mimi namsikia mhusika: mtu anayejiandaa kufa, asiye na huruma kwa aliyemuua, lakini anayeyajali maandishi yake kwa dhati. Na katika hili ana hoja. Nyota zingelichora pengo mahali ambapo kazi yote ilikuwa kuziunganisha sentensi mbili za kweli hadi mshono usionekane, na alifanya sawa kutoziweka.