Wiki Isiyo na Mshahara: Namna Wafanyakazi wa Pamba Walivyofika Blackpool

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku za kazi zisizopungua 21. Mwaka 1900, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, hawakuwa na hata siku moja ya aina hiyo. Kiwanda kilipofungwa, mshahara nao ulisimama. Hata hivyo watu hawa walikuwa mbele ya wafanyakazi wengi wa viwandani wa zama zao katika kwenda kupumzika baharini kwa siku kadhaa mfululizo, mwaka hata mwaka, na fedha yao ndiyo iliyoukuza mji wa Blackpool ukawa na magati matatu ya matembezi na mnara wa chuma uliofunguliwa mwaka 1894. Sisi wenye likizo inayolipwa huimalizia nyumbani tukitazama picha za Zanzibar kwenye simu. Wao wasiolipwa walisafiri. Tofauti hiyo inahitaji maelezo, na maelezo ya kwamba Wazungu wana fedha hayatoshi, kwa sababu wanaozungumziwa hapa ni wasokotaji na wafumaji waliolipwa kwa wiki na kula kwa wiki. Hoja yangu ni kwamba likizo ya gharama nafuu haianzii kwenye bei. Huanza na tarehe isiyohamishika na fedha isiyogusika, na viwili hivyo vikishakuwapo, bei yenyewe hulazimika kushuka.

Tarehe kwanza. Miji ya Lancashire ilikuwa na sikukuu za kale zilizoitwa Wakes, zilizotokana na sherehe za makanisa ya parokia, kila mji na siku zake. Viwanda vilipoingia, wenye navyo walijaribu kuzifuta, maana mashine ikisimama ni hasara. Hawakufaulu. Wakes zikifika, watu hawakuja kazini, na kiwanda chenye nusu ya wafanyakazi wake hakiendeshiki kwa faida. Taratibu waajiri wakaona ni nafuu kufunga kiwanda chote kwa pamoja na kuzitumia siku zile kusafisha maboila na kukarabati injini. Siku mbili tatu zikawa nne, zikawa tano, na kabla ya karne ya 19 kwisha miji kama Oldham ilikuwa imefikia wiki nzima. Mwaka 1906 yalifikiwa makubaliano katika sekta ya pamba yaliyohakikisha siku 12 za mapumziko kwa mwaka, sikukuu za kitaifa zikiwa ndani yake, bado bila malipo. Kwa hiyo mfumaji wa Oldham alijua tangu Januari kwamba mwishoni mwa Agosti hatakuwa na kazi, atake asitake. Wiki ile haikuwa ombi la kupeleka kwa meneja, wala ndoto ya siku mambo yakinyooka. Ilikuwa inakuja kama kodi ya nyumba inavyokuja, na swali pekee lililobaki ni kama itamkuta na kitu au mikono mitupu.

Ndipo inapoingia akiba. Katika viwanda, makanisa, shule za Jumapili na hata vilabu vya pombe kulikuwa na vyama vidogo ambavyo wanachama walichanga kila wiki kwa lengo moja tu, nalo ni kuondoka wakati wa Wakes. Mwenye kwenda huko kwa fikra za Vikoba, upatu au chama cha Nairobi atajiona yuko nyumbani: mweka hazina anayefahamika, daftari, mchango mdogo usioumiza, na mgao siku iliyopangwa. Mgao ulitolewa siku chache tu kabla ya viwanda kufungwa, na magazeti ya miji yalikuwa yakitangaza kiasi kilichogawiwa, jambo lililowafanya majirani washindane kwa fahari. Angalia mpangilio wake kwa makini. Fedha haikukaa nyumbani ambako mtoto anaugua na mwenye duka anadai. Haikuwa kubwa kiasi cha kumtamanisha mtu kuanzisha biashara. Na ilitoka mara moja tu, siku ambayo matumizi yake yalishajulikana. Tena ililazimika kubeba mizigo miwili, kwa sababu mbali na nauli na chumba, kulikuwa na pengo la mshahara wa wiki ile yenyewe, huku kodi ya nyumba ya Oldham ikiendelea kudaiwa. Mtu aliyelipwa likizo yake hana mzigo huo wa pili. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwenye mzigo mwepesi ndiye asiyefika.

Sasa bei. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846, na miaka mitano kabla yake, tarehe 5 Julai 1841, mwandaaji wa safari Thomas Cook alikuwa ameshaonyesha hesabu inavyokwenda: alipakia watu wapatao 500 kwenye treni moja kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja. Treni ikishawashwa, makaa ya mawe na dereva gharama yake ni ileile, wakae abiria 50 au 500. Kampuni za reli zilipojua kwamba Jumamosi fulani mji mzima utahama, ziliweza kupanga treni za ziada zilizojaa kiti kwa kiti, na kiti kilichojaa kinaweza kuuzwa rahisi. Hakuna mfumaji aliyekwenda dirishani kubembeleza punguzo. Punguzo lilizaliwa na uhakika.

Malazi yalifuata mantiki hiyohiyo, na hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda kuliko yote. Nyumba nyingi za wageni za Blackpool ziliendeshwa na wanawake, na baadhi yao walikuwa wametoka miji hiyohiyo ya pamba, wakijua vizuri mfuko wa mteja wao. Katika utaratibu uliokuwa wa kawaida, mgeni hakuuziwa chakula. Alilipia kitanda na huduma, kisha asubuhi akaenda sokoni kununua nyama, samaki na viazi vyake, akamkabidhi mama mwenye nyumba, naye akampikia. Jiko moja lingeweza kuwa na vyakula vya familia nne, kila moja na kifurushi chake, na mwenye nyumba alitakiwa kukumbuka kipande kipi ni cha nani. Wapo waliobeba chai na sukari kutoka nyumbani. Chumvi, pilipili manga na siki vilivyowekwa mezani vilitozwa ada yake ndogo kwenye hesabu ya mwisho, ada iliyokuwa maarufu kwa manung'uniko. Unaweza kuuona kuwa ubahili. Mimi naona mwenye nyumba aliyeuza kile tu ambacho mgeni hawezi kujipatia mwenyewe, yaani paa, jiko na mikono ya kupika, na mgeni aliyeendelea kutawala gharama iliyo rahisi kupanda kuliko zote safarini, ambayo ni tumbo la familia.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wanahistoria wamelijadili sana: familia za pamba hazikuwa maskini wa kawaida. Wanawake walifanya kazi viwandani kwa ujira, na katika ufumaji walilipwa kwa kipande kwa viwango sawa na wanaume. Nyumba moja ingeweza kuingiza mishahara mitatu au minne. Tena sehemu ya kipato hicho ilitoka mikononi mwa watoto wa miaka 12 waliofanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku, utaratibu uliokomeshwa kwa sheria ya elimu ya mwaka 1918. Hilo halistahili kufichwa na yeyote anayeisifu Blackpool. Familia yenye mshahara mmoja na watoto wadogo wengi aghalabu iliishia kwenda na kurudi siku moja, au haikwenda kabisa. Nakubali yote hayo. Lakini kipato kinaeleza ni nani aliweza kuchanga. Hakielezi kwa nini mchango wa Februari ulikuwa bado upo Agosti. Kila mtu aliyewahi kuweka akiba peke yake chini ya godoro anajua kwamba mshahara wa pili na wa tatu hupata njia za kutoka kwa haraka ileile ya wa kwanza. Kilichoufikisha mchango ule ni daftari, jirani na tarehe.

Pingamizi la pili linasema kinyume: watu wote wakisafiri siku moja, bei hupanda. Sisi tunalijua hili kwa machungu. Wiki ya Krismasi kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hufurika watu wa Kilimanjaro na Arusha, mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hulazimika kuruhusu magari ya ziada, na malalamiko ya nauli kuzidi kiwango hayakosekani. Basi lililojaa kwenda Moshi tarehe 23 Desemba hurudi Dar es Salaam karibu tupu, na gharama ya utupu huo lazima mtu ailipe. Lakini Lancashire haikuhama siku moja. Kila mji ulibaki na Wakes zake, ukafunga wiki yake, na Blackpool ikapokea mji mmoja baada ya mwingine kuanzia katikati ya kiangazi hadi Septemba. Ndani ya mji mmoja watu waliondoka pamoja, na hilo lilijaza treni. Kati ya mji na mji walipishana, na hilo lilijaza vitanda kwa wiki nyingi badala ya moja. Mwenye nyumba aliyejua kwamba wiki ijayo kuna wageni wengine hakuwa na sababu ya kumkamua aliyepo. Mji wenyewe uliielewa hesabu hii, ndiyo maana mwaka 1912 ulianza kuwasha taa za mapambo ufukweni na kuzirejesha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1925, ili kuwavuta watu hadi majira ya vuli. Sisi tuna nusu ya kwanza ya ufundi huu na hatuna ya pili. Tunaondoka pamoja, lakini hatupishani.

Kuna watakaosema kwamba kwenda mahali palepale kila mwaka, na majirani walewale, kunaua kiini cha safari, ambacho ni kuota nchi usiyoijua. Siwezi kuwapuuza. Kuota mahali kuna thamani yake. Mtu anayejua Kilwa Kisiwani kwa picha za msikiti wake mkuu au Lamu kwa milango yake ameshapata kitu. Ninachopinga ni kuifanya ndoto iwe hatua ya kwanza ya mpango. Ukianza na mahali, bei ya mahali hapo inakuwa ukuta, na mwaka unakwisha ukiupapasa. Ukianza na tarehe na kiasi, orodha ya mahali panapofikika hujifungua yenyewe, na ndefu kuliko ulivyodhani. Kiingilio cha raia kwenye hifadhi za Tanzania hulipwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo tu ya dola anazolipa mgeni. Kinachommaliza mwenyeji ni gari la kuingilia, chumba na sahani ya hoteli, yaani gharama zilezile ambazo watu wa Oldham walizigawana au walizikwepa.

Kwa kipimo hicho cha Oldham, vikundi vyetu vya akiba vina karibu kila kitu. Sanduku la kikundi cha hisa lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, ni salama kuliko daftari la klabu ya pombe ya Oldham. Kinachokosekana ni kusudi na kalenda. Hisa huelekezwa kwenye mtaji, ada na misiba, na mgao mara nyingi huangukia Desemba, mwezi ambao kila kiti ni ghali. Atakuwapo wa kusema kuwa akiba ya starehe ni anasa mbele ya ada ya mtoto. Jibu ni kutenganisha: mfuko mdogo wa pili, wenye mchango usiozidi kile ambacho mwanachama angeweza kukipoteza bila kukopa. Mzunguko unaoanza Oktoba hutimiza miezi tisa Juni, shule zikiwa zimefungwa na mabasi hayana msongamano wa Krismasi. Watu 25 wanajaza basi dogo moja la Coaster kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi, na mtu mmoja hajazi. Pagumu zaidi ni penye jiko. Kenya ina mfano: shirika la wanyamapori la KWS hukodisha nyumba za kujipikia, kama Naishi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru na mabanda ya Sirimon kwenye Mlima Kenya, ambako kikundi huingia na unga na mboga zake. Gesti zetu nyingi za barabarani zina vitanda na feni, lakini hazina mahali pa kuinjika sufuria ya mgeni. Mama lishe mwenye vyumba vitatu vya ziada karibu na geti la hifadhi, atakayekubali kumpikia mteja samaki aliyekuja naye na kumtoza mkaa na jasho lake tu, ataziba pengo ambalo bado halijapata mwenyewe.